Tiketi ya Mkia

Ramani ile ilibandikwa ukutani nyuma ya kaunta ya abiria, na Mizani alikuwa ameichukia kuliko alivyowahi kumchukia binadamu yeyote. Ilionyesha viwanja vyote ambavyo ndege za kampuni hutua, kila kiwanja nukta nyekundu, na kati ya nukta na nukta mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Juu ya kila mstari paliandikwa muda wa safari. Mstari wa kutoka hapo alipofanya kazi kwenda kule alikoishi mumewe na mtoto wake ulikuwa mfupi kuliko yote, na juu yake paliandikwa dakika arobaini na tano. Ramani haikuonyesha mlima. Haikuonyesha barabara inayouzunguka huo mlima, wala mto usio na daraja, wala kivuko kinachoharibika kila kinapojisikia. Mtu wa basi alitoka alfajiri akafika usiku, miguu imevimba, na hapo ni siku ambayo kivuko kina afya.

Jina la Mizani alipewa na wapagazi, maana yeye ndiye aliyepima mizigo, na hakuna aliyewahi kumpitishia hata kilo moja ya ziada kwa kumchekea. Mama mtu mzima alimletea kikapu, akamwita mwanangu. Kijana alimwita mrembo. Mwanasiasa wa hapo mjini aliuliza kama anajua anaongea na nani. Wote aliwaonyesha mshale wa mizani. Hakuwa mkali kwa asili. Alikuwa mtu wa kucheka sana zamani, kabla mumewe, ambaye ni mzimamoto wa viwanja vya ndege, hajahamishiwa kile kiwanja cha pili, akaenda na mtoto kwa sababu kule kulikuwa na dada yake wa kumlea.

Aliomba uhamisho. Aliomba tena. Mara ya tatu Mkurugenzi wa Utumishi mwenyewe alipita kituoni katika ziara zake, na Mizani akasimama mbele yake, heshima zote, mikono nyuma. Mkurugenzi alimsikiliza vizuri tu. Kisha akageuka, akachomoa kalamu mfukoni, akaiweka kwenye ramani. Kalamu ilifunika nukta zote mbili.

"Mama, unaomba kuhamia hapa? Hapa ni pua na mdomo," alisema. "Mimi kutoka kwangu hadi ofisini, foleni ikikaza, natumia zaidi ya dakika hizi. Panda ndege, kaone familia, rudi. Tatizo liko wapi?"

Meneja wa kituo akacheka. Meneja huyu ni wa wale wanaocheka bosi anapocheka, hata kabla hawajajua kinachochekesha. Mizani akarudi kwenye mizani yake. Hakujibu kitu, na mpaka leo hajajisamehe kwa kunyamaza kule.

Tatizo lilikuwa wapi, yeye alilijua. Makao makuu yalihesabu umbali kwa dakika za ndege, na ruhusa nayo wakaihesabu hivyo hivyo. Anayekwenda dakika arobaini na tano hapewi siku ya kusafiri. Ukiomba siku mbili unapewa siku mbili, uende na urudi humo humo, na kwa basi siku hizo zote zinaishia njiani. Kwa ndege zingetosha. Lakini ndege yenyewe wafanyakazi waliipanda kwa kile walichokiita tiketi ya mkia. Mwenye tiketi ya mkia anakaa nyuma ya foleni; abiria wote wakiisha kuingia, kikibaki kiti ni chake, kisipobaki anachukua mkoba wake anarudi nyumbani. Ndege ilikuwa ya viti kumi na tisa, inaruka mara moja kwa siku, na viti havikuwa vikibaki. Yaani walimpimia njia kwa ndege ambayo hawakumpandisha. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kiti cha mwisho alikigawa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, huku akimtakia mtu safari njema.

Mwaka huo wote alikuwa amemwona mwanawe mara mbili.

Binti huyo alikuwa na miaka sita, na mdomo wake haukuwa na breki, ndiyo maana baba yake alimwita Chiriku. Kila jioni Mizani alipiga simu, na Chiriku akamsimulia darasa zima, nani kalia, nani kajikojolea, mwalimu kavaa nini. Mtoto akianza kulia amtake mama, Mizani alimbembeleza kwa maneno yale yale: usilie, mama yuko karibu, ndege ikiruka tu, dakika arobaini na tano, mama huyo. Maneno yalifanya kazi. Mtoto alinyamaza. Halafu polepole, mwezi hadi mwezi, simulizi zikapungua, hadi ikawa Chiriku anasema mzima, mama, anamrudishia baba simu.

Kisha akaanguka kutoka ukutani shuleni, akavunjika mkono. Waliomfunga wa kwanza walimfunga vibaya, mfupa ukaunga kombo, na sasa daktari akasema hakuna njia nyingine, mkono utavunjwa tena chini ya nusu kaputi na kuungwa upya. Siku ikapangwa, asubuhi. Mtoto alisema halazwi na mtu hadi mama yake awepo. Hakupiga kelele, mumewe alisema kwenye simu. Alisema tu hivyo, akageukia ukutani.

Mizani akaomba siku mbili, akapewa. Siku ya kuondoka alifika kazini na mkoba tayari, akauweka chini ya kaunta, akaanza kupima abiria. Ndiyo, ndege hizi ndogo zinapima hadi watu: unasimama kwenye mizani na begi lako kama gunia la mkaa. Alipima mmoja mmoja, akajumlisha, akahakikisha. Kumi na wanane walifika. Wa kumi na tisa, mfanyabiashara mmoja wa vipuri, hakuonekana. Saa ya kufunga ikafika, Mizani akachungulia maegesho ya magari nje, akaona vumbi tu na mbuzi, akafunga.  Akajipima na yeye, kilo sitini na mbili pamoja na mkoba, akajiandika wa mwisho. Hata hivyo ndege ilibaki na nafasi ya kilo kadhaa.

Alipita kwenye lami iliyokuwa inachemka, akapanda vingazi vitatu, akaketi kiti cha nyuma kabisa, akafunga mkanda. Ule mkanda ulipolia kwenye kufuli alifumba macho. Akapiga hesabu: jioni hii hospitali, usiku kando ya kitanda, asubuhi amshike mkono ule mzima mpaka dawa imchukue.

"Mizani."

Alifumbua macho. Meneja alikuwa amesimama mlangoni, jasho limemlowesha kola, nyuma yake rubani, mwanamke mfupi aliyevaa miwani ya jua, ameshika karatasi ya uzito.

"Teremka kidogo tuongee," Meneja akasema.

"Tuongelee hapa hapa."

Meneja akawaangalia abiria, akashusha sauti. "Ndege imezidi. Joto kali, upepo hakuna, rubani anasema kilo kama sitini zishuke. Na unajua utaratibu. Tiketi ya mkia ndiyo ya kwanza kushuka."

"Imezidije?" Mizani akauliza. "Watu niliwapima mimi. Mizigo niliipima mimi. Hizo kilo zimepandia wapi?"

Meneja akajifanya hamnazo, akafuta jasho. Rubani ndiye aliyejibu, bila ubaya wowote. "Tairi zimelala, nikafungua nyuma nikaangalia. Kuna maboksi manne ambayo hayamo kwenye karatasi yako."

"Ni mzigo wa ofisi," Meneja akadakia.

Mizani akafungua mkanda, akateremka. Hakuteremka kwa kutii, na Meneja alipojua hilo alikuwa amechelewa, maana mwanamke alishapita mbavuni mwake na kuelekea mlango wa mizigo. Pale alisimama mpagazi wa zamu, mtu mzima, mpole, wamefanya kazi pamoja tangu kituo kifunguliwe. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Kuna nini humu?" Mizani akamwuliza.

"Dada, mimi niliambiwa pakia, nikapakia."

"Sijakuuliza nani kakuambia. Nimeuliza kuna nini."

Mpagazi akakuna kichwa, akamwangalia Meneja, akaamua. "Vigae. Vigae vya bafu. Vya Mkurugenzi wa Utumishi, anamalizia nyumba yake kule."

"Kwa nini asivipeleke kwa lori?"

"Kwa barabara vinavunjika, dada," mpagazi akasema kwa upole wote, kama anayemweleza mgonjwa. "Ile barabara vigae haviiwezi."

Kuna hasira inayopiga kelele na kuna hasira inayotulia ikatafuta pa kushika. Hii ilikuwa ya pili. Mizani alisimama kwenye lile joto akafikiri juu ya vigae. Kuna mtu alikaa akawaza, akaona huruma, akasema hapana, hivi havistahili mashimo yale, havistahili kivuko, havistahili siku nzima ya kutikiswa. Mtu huyo huyo alikuwa amesimama mbele yake na kalamu, akamwuliza tatizo liko wapi. Kumbe tatizo alilijua. Alilijua vizuri sana, hadi kwa ajili ya sakafu ya bafu lake.

Akafungua mlango wa mizigo, akaingiza mikono.

"Mizani, usiguse," Meneja akasema. "Nakuambia kama kaka yako. Ukigusa hilo boksi, kesho usije kazini."

"Kesho sikuwa nakuja. Nimeomba ruhusa."

Boksi la kwanza lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Alilivuta hadi ukingoni, akalibeba kifuani, akaliweka kwenye lami. Mpagazi hakumsaidia, ana watoto, na Mizani hakumlaumu. La pili nalo akalitua taratibu. Ndani ya ndege abiria mmoja, bwana wa suti, alichungulia mlangoni akasema kwamba wengine wana mikutano, kama kuna ugomvi wa wafanyakazi umalizwe ofisini. Hakuna mwingine aliyesema neno. Watu kumi na wanane walikuwa wamekaa mle, wote walimwona mwanamke anashusha maboksi peke yake juani, na mmoja aliyepata la kusema alisema anachelewa. Mizani alimwangalia mpaka akarudisha kichwa ndani.

Boksi la tatu lilimponyoka. Au aliliona likimponyoka akaliacha, hata yeye hana hakika, na hajawahi kujisumbua kutafuta hakika hiyo. Lilipiga lami kwa kona. Mlio uliotoka ndani ulikuwa wa vitu vingi vidogo vikiachana.

"Mungu wangu," Meneja akasema, akashika kichwa. "Nitamwambia nini mimi?"

"Mwambie ni pua na mdomo. Aje aviokote."

Meneja alikuwa tayari ana simu sikioni, anazunguka zunguka kwenye lami kama kuku aliyekanyagwa, akimwita mheshimiwa, mheshimiwa, naomba unisikilize. Mizani akashika la nne. Kidole kilikuwa kimechanika, damu imepaka lile boksi, na ndipo rubani akasogea.

"Hilo acha," akasema. "Yaliyoshuka yanatosha. Mimi kinachonihusu ni kilo, mengine malizaneni. Unapanda au hupandi?"

"Napanda."

"Basi panda, nafunga mlango."

Meneja aliita kitu nyuma yao, lakini injini ya kwanza ikawa imeshanguruma.

Mtu angedhani humo hewani Mizani angepoa. Hakupoa. Alikaa kiti chake cha nyuma akiwa amefunga kidole kwa leso, na hasira ikaongezeka kadri ndege ilivyokwenda vizuri. Waliuvuka mlima kabla hajamaliza kushusha pumzi. Akaona barabara chini, nyembamba, inajipinda kila upande kama haijui inakwenda wapi, na kwenye mto akaona magari yamejipanga, kivuko kimesimama upande wa pili. Bwana wa suti alilala, mdomo wazi. Wakagawiwa pipi. Alipoitoa pipi kwenye karatasi yake, magurudumu yalikuwa yanatoka kwa kutua. Aliangalia saa. Zilikuwa dakika arobaini na tano kamili, hakuna aliyedanganya. Miaka yote hiyo mwanawe alikuwa umbali wa pipi moja, na yeye akawa anapigwa chenga na watu wa kalamu. Alijikuta analia kwa hasira, na abiria wa jirani akafikiri anaogopa kutua, akampa pole.

Mumewe alimpokea na sare zake za zimamoto, akamwona kidole, akataka kuuliza, akaona uso, akaacha. Kwenye pikipiki alimwambia jambo moja tu: Meneja wako amepiga simu hapa kiwanjani, anakutafuta. Mizani akamwambia aongeze mwendo.

Wodi ilikuwa ya vitanda nane, imepigwa rangi ya kijani hadi kifuani na nyeupe kwenda juu. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa ameketi kwenye stuli kando ya kitanda cha mwisho, anamenya chungwa. Alipomwona alisimama, wakakumbatiana, na wifi hakuacha kumchoma, ndivyo walivyo wao wawili.

"Mgeni umefika. Tulikuwa tunajiuliza kama tukuandalie chumba."

"Wifi, leo sina nguvu za utani."

Wifi akamwangalia vizuri, akamwachia stuli.

Chiriku alikuwa amelala kwa ubavu, mkono mbovu juu ya mto. Mkono wenyewe ulikuwa umepinda chini ya kiwiko pasipotakiwa kupinda. Alikuwa amerefuka. Nywele zilisukwa mtindo ambao Mizani hakuujua. Mtoto aligeuza macho tu, akasema, "Shikamoo," kwa sauti ya heshima ambayo watoto huwapa wageni wa baba yao.

"Marahaba, mama. Nimekuja."

"Umekuja na ndege?"

"Ndiyo."

"Dakika arobaini na tano?"

"Ndiyo, mwanangu."

 Chiriku alikuwa anafikiri, na alipofikiri alitoa ncha ya ulimi nje, hicho hakikubadilika. "Mimi shule ni saa nzima," akasema mwisho. "Natembea na shangazi. Saa nzima, halafu tunarudi saa nzima. Na ninaenda kila siku."

Wifi akaacha kumenya chungwa.

Mizani akafungua mdomo. "Unajua, mwanangu, ile ndege ina viti kumi na tisa. Sasa sisi wafanyakazi, tiketi yetu sisi ni mpaka viti vibaki, na ruhusa nayo..." Akajisikiliza. Sauti ilikuwa ya kaunta, ile ile aliyotumia kuwaeleza watu kwa nini mzigo wao haupiti. Hasira ikampanda, akawatafuta wa kuwamwagia, Mkurugenzi, Meneja, bwana wa suti, na hakuna hata mmoja aliyekuwemo wodini. Alikuwemo mtoto wa miaka sita aliyepiga hesabu yake vizuri: kama ni karibu kuliko shule, na mama haji, basi mama hataki. Na namba ya kupigia hesabu hiyo hakuipata kwenye ramani yoyote. Alipewa na mama yake, kila jioni, kwa simu.

"Ni mbali," Mizani akasema.

Mtoto akageuza kichwa.

"Ni mbali sana. Mama alikuwa anakuambia karibu ili usilie. Kuna mlima katikati, mkubwa, barabara inauzunguka wote. Kuna mto hauna daraja. Unafika pale kivuko kimeharibika, unakaa juani unasubiri watengeneze. Unatoka kabla jua halijatoka na unafika watu wamelala."

"Mtu akija kwa miguu?"

"Hafiki."

"Hata akikimbia?"

"Hata akikimbia, mama. Angekuwa anafika nisingekuwa nimebaki kule hata siku moja."

Chiriku akamkazia macho muda mrefu, kama anayempima. Kisha yeye ambaye baba yake alisema hakulia hata mfupa ulipovunjika, machozi yakashuka yenyewe hadi kwenye masikio. Akamtafuta wifi kwa macho, juu ya bega la mama yake aliyekuwa ameshamwinamia.

"Shangazi," akasema, "kumbe ni mbali."

Alisema kama mtu aliyeletewa habari njema. Wifi akatingisha kichwa kukubali, na chungwa lake mkononi.